Mashine ya barafu inakata kwa presha ya juu kila mchana, usiku iko sawa. Nani mwenye kosa?

#1 FundiKizingo
Salaam mafundi. Kuna mashine ya barafu ya vipande, ya kupozwa kwa hewa, gesi R404A, iko jikoni mwa hoteli upande wa Nyali. Kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi inakata kwa presha ya juu (swichi ya presha inaizima), ikipoa inajiwasha, halafu inakata tena. Jua likizama inatulia, na usiku kucha inamwaga barafu. Kondensa (paipu zinazotupa joto la gesi nje) imepigwa brashi na kupulizwa. Feni inazunguka. Aliyeishika kabla yangu aliziba tundu akaongeza gesi. Mimi nasema gesi imezidi. Meneja anasema ni joto la kaskazi tu, tusubiri kusi iingie. Mnasemaje?

#2 MzeeWaGeji
Gesi imezidi, hapo hakuna mjadala. Mashine hizi hujazwa kwa mizani, si kwa jicho. Mtu "akiongeza" bila kujua kiasi kilichobaki ndani, amebahatisha. Nyingi hazina kioo cha kutazamia gesi, na hata zenye risiva (tangi dogo la gesi majimaji) hazimezi ziada yoyote utakayoipa. Gesi majimaji inajaa chini ya kondensa, sehemu ya kupoza inapungua, presha inapanda. Usiku hewa ina baridi kidogo kwa hiyo inavumilia, mchana inashindwa. Itoe yote, vuta vakyum (utoe hewa yote ndani) hadi maikroni 500, kisha pima upya kama bati la maelezo ya mashine linavyosema. Na R404A iingie kwa majimaji, mtungi ukiwa kichwa chini, kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi tatu.

#3 Kaskazi_Baridi
Mzee, heshima yako, lakini umehukumu kabla ya ushahidi. #1 hajatupa hata namba moja. Lete hizi:

Joto la hewa inayoingia kondensa, lipime sentimita tano mbele ya fini (mabati membamba ya kondensa), si katikati ya chumba. Presha ya juu wakati inapokata. Presha iliyoandikwa kwenye bati la mashine kwamba swichi itakata. Joto la paipu ya majimaji inapotoka kondensa. Na inakata dakika ya ngapi baada ya kuvuna, yaani barafu iliyoiva kuangushwa.

Bila hizo tutaongea mpaka kesho.

#4 KijanaPoly
Shikamooni wazee. Swali la mwanafunzi: presha ya juu ya R404A inatakiwa iwe ngapi hasa?

#5 Kaskazi_Baridi
Marahaba. Hakuna namba moja, inafuata hewa. Chukua joto la hewa inayoingia kondensa, ongeza nyuzi 10 hadi 15, hapo umepata joto la gesi kugeuka majimaji, kisha soma presha yake kwenye jedwali. R404A kwa nyuzi 40 ni kama psi (kipimo cha presha) 250, kwa 50 ni kama 320, kwa 60 ni kama 400. Kwa hiyo jikoni penye hewa ya 32, geji ikisoma 290 ni afya. Hewa ya 41, geji itakwenda 350 na zaidi na mashine haina kosa lolote. Fundi anayekariri kwamba presha nzuri ni 250 ataharibu mashine nyingi hapa Pwani, maana atamwaga gesi ili kuifukuzia hiyo 250.

#6 FundiKizingo
Namba hizi hapa, za saa nane mchana. Hewa nje ya jengo 32. Hewa mbele ya kondensa 41. Geji 405 ilipokata. Bati linasema swichi ikate 450. Paipu ya majimaji nyuzi 50. Inakata dakika chache baada ya kuvuna, mara nyingi, si kila mara.

#7 Kaskazi_Baridi
Sasa tumepata kazi. Psi 405 ni nyuzi 60. Hewa ni 41. Tofauti ni 19, na ilitakiwa ikae chini ya 15. Kwa hiyo una matatizo mawili. Kwanza, mashine inavuta hewa yake yenyewe ya moto: nje 32, mbele ya kondensa 41, nyuzi 9 zinatoka wapi? Imesukumwa ukutani au kuna friji jirani inaipulizia. Acha angalau sentimita 15 kila upande hewa inapopita, na uhakikishe hewa inayotoka ina njia ya kuondoka, si kugonga kabati na kurudi. Pili, kuna nyuzi nne au tano zimebaki, na hizo ndizo za kubishania.

Shika kipande cha karatasi ya shashi karibu na mlango wa hewa, kisha pembeni, kisha juu. Kikielekea mbele kutoka upande wa kutolea hewa, umepata jibu la ile 9.

#8 MamaReefer
Halafu kuna la tatu ambalo mmelipita. Bati linasema 450, imekata 405. Swichi yenyewe imechoka, au si yake ya asili, mtu alifunga ya mashine nyingine. Hata mkishusha presha, swichi ya kukata mapema itawasumbua Januari ijayo.

Kuipima: geji ikiwa imefungwa, ziba kondensa polepole kwa kipande cha katoni huku ukitazama geji, na mkono wako mwingine uwe kwenye swichi kuu ya umeme. Andika inakata wapi. Rudia ikishapoa. Ikikata 400 mara zote, badilisha. Ikifika 450 bila kukata, zima mwenyewe papo hapo, usingoje.

#9 KijanaPoly
Na je, kwa kujaribu tu, mtu anaweza kuunganisha waya za swichi ya presha moja kwa moja?

#10 MamaReefer
Hapana mwanangu. Wala kwa dakika moja. Ile swichi ndiyo inayosimama kati ya wewe na paipu kupasuka, na aliyeunganisha "kwa kujaribu" huitwa kazi nyingine akaondoka, mashine ikabaki hivyo. Ukitaka kujua kama ndiyo iliyokata, weka mita kwenye vituo vyake viwili mashine ikiwa imesimama na umeme umezimwa, waya moja ikiwa imetolewa: ikisoma njia wazi huku geji imeshashuka chini ya presha ambayo swichi hujirudisha, swichi imekufa. Inatosha.

#11 UmemeChangamwe
Nakuja na swali ambalo mafundi wa gesi hulisahau. #1, bati linasema umeme wa hezi ngapi (mitetemo kwa sekunde)?

#12 FundiKizingo
208-230V, 60Hz. Ililetwa kutoka Marekani.

#13 UmemeChangamwe
Nilidhani hivyo. Kenya tuna 240V, 50Hz. Feni ya kawaida yenye kapasita inafuata hezi. Iliyoandikwa mizunguko 1550 kwa 60Hz, hapa inazunguka karibu 1290. Hewa imepungua sehemu moja ya sita. Hizo nyuzi nne za Kaskazi zinaweza kuwa hapo hapo.

Na kuna baya zaidi. Mota ya 230V/60Hz ukiipa 240V/50Hz, chuma chake kinashiba sumaku, ampea zinapanda, mota inachemka. Ndani ya mota kuna kinga ya joto. Mchana, hewa ya 41 ikipita juu yake, kinga inafungua, feni inasimama. Presha inapanda kwa dakika mbili tatu, swichi inakata. Fundi anafika, anafungua paneli, mota imepoa na inazunguka vizuri. Anaandika "feni sawa". Ndiyo maana "feni inazunguka" si jibu. Weka klampu (mita ya ampea) kwenye waya wa feni, uiache hapo mashine ifanye kazi saa nzima ya mchana, usiondoke.

#14 MzeeWaGeji
Hizo hezi zinashusha kompresa pia. Kompresa ikienda polepole kwa kiasi kile kile inasukuma gesi kidogo, joto la kutupa linapungua. Feni imepungua, mzigo umepungua. Ukitoa, inabaki karibu sifuri. Hoja yako ya mota kuchemka naikubali, hoja ya hewa siikubali.

#15 UmemeChangamwe
Ingekuwa hivyo kama mashine ingekuwa ikifanya kazi kwenye hewa ya 25. Kwenye 41 hakuna akiba, Mzee. Kila kidogo kinaonekana. Na kapasita ya feni imepimwa? Ikiandikwa maikrofaradi 5 na mita ikasoma 3.8, badilisha. Iliyo dhaifu inaacha mota izunguke lakini polepole, na jicho halioni.

Mota ikiwa imewahi kubadilishwa, tazama pia urefu wa shafti. Ukiwa mfupi, mabawa yanakaa nje ya pete na hewa inazunguka pale pale bila kupita kwenye fini.

#16 Samaki_Likoni
Wakuu samahani naingilia. Mimi nauza samaki, nina ya barafu ya chenga. Nayo ina ugonjwa huu? Fundi ameniambia niitie gesi ya R290 kwa sababu ni bei nafuu na inapoza zaidi.

#17 MamaReefer
Ndugu, hiyo usikubali kabisa. R290 ni propani, inawaka. Mashine iliyotengenezwa kwa R290 ina swichi na relei zisizotoa cheche karibu na gesi, na nyingi hubeba gramu 150 tu. Yako ya R404A haina kinga hizo na inabeba gesi mara kadhaa zaidi. Ukivuja kwenye chumba cha samaki kilichofungwa, relei ikipiga cheche moja imekwisha. Badilisha fundi.

Barafu ya chenga haina kuvuna, kompresa inaenda mfululizo, kwa hiyo kondensa haipati pumziko. Sababu za presha ni zile zile, ila ondoa zile za wakati wa kuvuna.

Na kwa wote, nunueni mitungi kwa muuzaji mnayemjua. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa gesi bandia ya R134a iliyochanganywa R40 yalilipuka na watu wakafa. R40 ikikutana na aluminiamu ndani ya mfumo inazalisha kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Bandarini somo hilo halijasahaulika.

#18 Samaki_Likoni
Ahsante sana mama.

#19 MajiYaChumvi
Nyote mnaongelea hewa. Nusu ya hoteli za ufukweni zina mashine za kupozwa kwa maji na ugonjwa wao ni tofauti. Maji ya kisima yana chokaa na chumvi, yanajenga ganda ndani ya kondensa, joto halitoki. Wengi huweka vali ya kurekebisha maji ishike kama 230 hadi 240 kwa R404A. Ukiona vali imefunguka mwisho, maji yanatoka kwa nguvu lakini ni ya uvuguvugu tu, na presha bado iko juu, ni ganda. Maji yakitoka machache na ya moto sana, ni vali, chujio au bomba lenyewe halina presha.

Kusafisha: tenga kondensa, zungusha asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwa pampu ndogo mpaka povu likome, suuza kwa maji mengi. Usichanganye na klorini hata kidogo, hewa yake inaua.

#20 Kaskazi_Baridi
Shukran, ila ya #1 ni ya hewa. Tusipotee.

#21 MajiYaChumvi
Sijapotea. Swali kwa #1: maji ya kutengenezea barafu yanatoka wapi? Kama ni tangi jeusi la juu ya paa, saa nane mchana yanaingia mashine yakiwa karibu nyuzi 38. Watengenezaji wengi wanataka yasizidi 32. Kilo moja ya maji ya 25 inahitaji kilokalori 105 iwe barafu. Ya 38 inahitaji 118. Mzigo umeongezeka asilimia 12, na wote unaangukia dakika za mwanzo baada ya kuvuna, maana ndipo maji mapya yanapoingia. Saa ngapi inakata? Baada ya kuvuna. Mchana. Usiku maji ya tangi yamepoa. Hiyo ndiyo hadithi yote.

#22 UmemeChangamwe
Hii sikuwa nimeifikiria. Lakini pia feni nyingi husimama wakati wa kuvuna na kuwashwa tena na relei ya bodi. Relei yenye vidole vilivyoungua inachelewa au inakosa kushika. Presha inapanda ndani ya dakika moja. Nayo pia ni "baada ya kuvuna". #1, unaposema dakika chache, ni moja au ni tano?

#23 FundiKizingo
Ni kati ya tatu na sita. Na ndiyo, ni tangi jeusi juu ya paa.

#24 UmemeChangamwe
Basi relei naiondoa kwenye orodha. Kinga ya mota siiondoi.

#25 Kaskazi_Baridi
Nirudi kwenye usafi, kwa sababu "kondensa imepigwa brashi" huwa inanitia shaka. Kondensa nyingi zina safu mbili au tatu za paipu. Vumbi, mafuta ya kukaangia na unyevu wa bahari hukaa katikati ya safu, uso wa mbele unang'aa. Brashi haifiki huko. Zima umeme, ondoa kifuniko cha feni, weka taa upande wa feni na utazame kutoka mbele gizani. Pasipopita mwanga pamezibwa.

Mafuta ya jikoni hayatoki kwa hewa. Karibu na karai la viazi na mahamri fini hushika tabaka la kahawia, ukiligusa linanata kidoleni. Tumia dawa ya kondensa inayofaa aluminiamu, iache ifanye kazi, kisha suuza kutoka ndani kwenda nje, kinyume na njia ya hewa, ukifunika bodi na mota. Na suuza kwa maji baridi matamu. Mtu akisuuza kwa maji ya kisima chenye chumvi, ameacha kloridi kati ya shaba na aluminiamu, na baada ya msimu mmoja fini zinageuka unga mweupe unaoanguka ukizigusa. Fini iliyoachana na paipu haipozi hata ikiwa safi kabisa. Bonyeza kwa ukucha karibu na paipu, ikimomonyoka, kondensa hiyo imekwisha.

#26 MzeeWaGeji
Mmezunguka Mombasa nzima, Kongowea mpaka Mtwapa, na hakuna aliyetazama ile nyuzi 50 ya paipu ya majimaji. 60 toa 50 ni 10. Kondensa chafu au feni dhaifu haileti upoaji mwingi namna hiyo, kwa kawaida unabaki mdogo. Kumi inasema majimaji yamesimama ndani ya kondensa. Gesi imezidi. Ama kuna hewa ndani ya mfumo, maana hewa nayo huonyesha hivyo hivyo.

#27 MamaReefer
Hapa Mzee amesema kweli. Hewa inapimika. Zima kompresa, acha feni ya kondensa iende peke yake mpaka paipu za kondensa zifikie joto la hewa, na evaporeta (sehemu inayogandisha) isiwe na barafu, la sivyo gesi inakimbilia kwenye baridi na presha inadanganya. Kwa nyuzi 32 jedwali linatoa kama psi 203. Ikizidi wazi wazi, kuna hewa.

#28 FundiKizingo
Nimefanya asubuhi. Hewa 31, geji 214. Jedwali linatoa karibu 198.

#29 Kaskazi_Baridi
Psi 16 juu. Ni nyuzi tatu hivi. Geji yako inarudi sifuri ikiwa wazi? Kipimajoto kilikuwa kwenye paipu au kinaning'inia? Nyuzi tatu ni rahisi kuzipoteza kwa kipimo kibovu.

#30 MamaReefer
Au mtungi ulioongezwa ni R507A, gesi inayofanana na hii. Presha yake iko juu ya R404A kwa psi chache tu, lakini inahesabika.

#31 FundiKizingo
Geji iko sifuri, kipimajoto kilifungwa kwenye paipu kwa sifongo. Nimemaliza pia mengine. Gesi iliyotoka ni kilo 1.24, bati linasema 1.1. Feni imepimwa mizunguko 1280, kapasita nzuri. Maji ya tangi saa nane nyuzi 36. Taa ilionyesha robo ya chini ya kondensa imezibwa katikati. Swichi imekata 402, 405, 404. Klampu ilikaa saa nzima kwenye feni, haikusimama hata mara moja.

#32 MzeeWaGeji
Gramu 140 zaidi! Asilimia kumi na tatu. Nilisema #2.

#33 Kaskazi_Baridi
Na robo ya kondensa imezibwa, Mzee. Nilisema #25. Robo ya kondensa ni kubwa kuliko gramu 140.

#34 UmemeChangamwe
Mizunguko 1280. Na klampu ya saa moja si ya mchana mzima, iwekwe tena siku ya joto kali.

#35 MajiYaChumvi
Maji ya 36, na mnanipita kimya kimya.

#36 MamaReefer
#1, usibadilishe vyote siku moja, utakosa kujua kipi kilikuwa na uzito. Anza na swichi, maana hiyo imethibitika. Kisha osha kondensa mpaka taa ipite, uvute mashine mbele ya ukuta, na upime saa nane ile ile kabla ya kugusa kitu kingine. Gesi ukiijaza iwe kilo 1.1 ya R404A mpya. Uliyoitoa usiirudishe, hatujui ndani yake mna nini. Tangi likipakwa rangi nyeupe au kuwekewa kivuli, andika na hapo joto la maji. Tutumie namba kila baada ya hatua, mpaka tofauti ya hewa na gesi ishuke chini ya 15.

#37 KijanaPoly
Na kama kondensa iko juu ya paa peke yake, mashine iko chini, vipimo hivi vinachukuliwa wapi?

#38 Kaskazi_Baridi
Hewa unapima juu, presha unapima chini, na hapo kuna vali ya kushikilia presha ambayo nayo huharibika. Fungua uzi mpya, hiyo ni habari ndefu.